Drapo ya Manjano kwenye Kona ya Tangi

Chancelle alikinyanyua kitambaa cha manjano juu ya kichwa, akakitikisa kwa nguvu ili ajue kama rangi yake ingeonekana kwa mbali, na hapo hapo pikipiki ikasimama mbele yake.

“Mama, tunaenda wapi?” akauliza dereva.

Ilikuwa asubuhi ya soko katikati ya mji wa Bunia, pale ambapo wauza vitambaa hupanga mabunda yao mpaka ukingoni mwa barabara. Redio mbili zilikuwa zinashindana kwenye kibanda kimoja, na harufu ya samaki wakavu ilikuwa imechanganyika na ya petroli. Msichana alikuwa amevaa blauzi nyeupe na sketi ya kitenge cha bluu iliyomkaa vizuri sana. Aliishona mwenyewe, maana ushonaji ndiyo kazi yake, na alijua kwamba mtu akimtazama anatazama pia tangazo la biashara.

“Sikukuita,” alijibu bila kumwangalia.

“Uliniita. Ulitikisa.”

“Nilitikisa kitambaa. Sikutikisa mukono.”

“Mama, siye bamotar, kitu yote yenye iko natikisika pembeni ya barabara ni client.”

Muuza vitambaa akaangua kicheko. Chancelle akajizuia, akashindwa, akacheka naye.

“Niko napima kama inaonekana mbali,” akasema.

“Inaonekana. Miye nilikuwa kule ku rond-point, pale barabara zinakutana, nikaiona. Nikaona na mwenye kuishika.”

“Maneno yako ni mingi kuliko petroli yako. Nenda utafute client.”

“Naenda. Lakini uniambie, ni ya kushona robe?”

“Ni ya kushona drapo, bendera. Ya karting.”

Dereva akazima injini, akavua kofia ngumu. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya utani, koti la mvua limechanika begani na kushonwa vibaya, jambo ambalo fundi nguo aliliona kabla ya kuona macho.

“Basi weye njo komisere mupya wa pisti?” akasema. “Miye ni Gauthier. Numero saba.”

“Weye njo numero saba? Basi sikia muzuri.” Chancelle akakitandaza kitambaa kati yao. “Hii ya jaune ikitikisika, maana yake kuko hatari mbele. Unapunguza mbio, haupite mutu. Usisimame kuniuliza tunaenda wapi.”

“Na kama niko na hamu ya kujua?”

“Utaniuliza kiisha course.”

Alisema hivyo ili amwondoe tu. Gauthier akaondoka anapiga mluzi, na muuza vitambaa akampunguzia msichana bei bila kuombwa.

Karting ya Bunia haikuwa ile ya kwenye televisheni. Mafundi wa pikipiki walikuwa wameunganisha mabomba na vyuma vya vitanda, wakatia injini za pikipiki zilizochoka, wakapaka rangi kali, kisha wakaanza kushindana Jumapili baada ya misa kwenye uwanja wa saruji uliokuwa wa kuanikia kahawa, nje kidogo ya mji. Watazamaji wakaja, wauza mandazi wakaja, na siku karti moja ilipoacha njia na kuvunja meza ya mandazi, Madame Hélène, muuguzi mstaafu, akasema mchezo huu ama upate watu wa kuulinda ama ufungwe. Wakamfanya mkuu wa mashindano. Akachagua makomisere wa kusimama kila kona na bendera, filimbi na ndoo ya mchanga, akawafundisha nani anakimbilia aliyeanguka na nani anabaki kuwaonya wanaokuja nyuma.

Chancelle alipewa Kona ya Tangi, ambayo ilikuwa mbaya kuliko zote. Tangi kuukuu la maji lilisimama pale hata dereva asione kilicho upande wa pili mpaka awe amefika. Kwa hiyo aliyeshika bendera pale ndiye alikuwa macho yake. Mwenzake kwenye kona hiyo alikuwa Fulgence, seremala wa makamo, mtu mpole wa miguu mepesi. Akianguka mtu, Fulgence angekimbia, Chancelle angetikisa.

“Komisere haangaliye course,” Madame Hélène aliwaambia kila Jumapili. “Course ni ya bale ba mandazi. Komisere anaangalia batu.”

Chancelle aliangalia watu, lakini baada ya mashindano yake ya kwanza mtu mmoja alikuja kusimama mbele yake, uso mweusi kwa moshi, meno meupe.

“Course imeisha,” akasema Gauthier. “Sasa tunaenda wapi?”

“Kwetu, Rwambuzi. Lakini utaniacha mbele ya kufika, papa asikuone.”

Hivyo ndivyo yalivyoanza, na sitawachosha kwa kueleza kila safari. Koti la mvua lilishonwa upya. Mama Gentille, fundi mwenzake Chancelle kwenye chumba chao cha kushonea kando ya barabara, alianza kuweka kikombe cha tatu cha chai bila kuuliza. Kile kipande cha manjano kilichobaki baada ya kushona bendera, Chancelle alikipiga pindo akakifanya kitambaa cha kichwa. Gauthier alipopita bila mteja, Chancelle alikuwa anatoka mlangoni, anakivua, anakitikisa, na pikipiki inasimama. Maana yake ilikuwa moja: chai iko tayari, kuya, njoo unywe.

“Chancelle,” Mama Gentille alikuwa anasema, “ile si foulard. Ile ni frein ya kusimamisha Gauthier.”

Mtaa mzima ulijua. Wauza mkaa walijua, na madereva wenzake waliigiza, wanatikisa leso zao na kulia kwa sauti za kike: “Chéri, chai!” Gauthier alikuwa anainua mkono, anacheka, hajali. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika jambo hilo, wala mimi nisingeuona.

Msimu ulipokaribia mwisho, mambo yalikuwa yamefika mbali. Mama yake Gauthier, Mama Bernadette, alikuwa ameshuka kutoka Aveba, anakolima, akaja na magunia yake ya mihogo na nia moja. Baba yake Chancelle, Papa Gérard, mfanyabiashara wa mabati aliyehamia kutoka Butembo, alikuwa amekubali kupokea wageni Jumamosi baada ya mashindano ya mwisho. Yaani familia ya kijana ingekuja kupiga hodi ya uchumba.

Jioni ya kuamkia mashindano hayo, simu ya Chancelle ililia.

“Allô, numero saba,” akapokea.

“Allô, moyo yangu. Umekula?”

“Nilikula. Na weye?”

“Nilikula sombe ya mama. Iko nanenepesha kuku ya kupelekea papa yako. Iko naongea naye kama mutoto.”

“Papa ni mutu wa biashara. Ataipima kilo.”

“Apime tu. Weye hauogope?”

“Naogopa course ya kesho. Ukivunja mukono, utasalimia papa na nini?”

“Kesho nitashinda, juu yako.”

“Usishinde juu yangu. Ukuye muzima juu yangu.”

Chancelle alisikia mvua inaanza kupiga kwenye bati upande wa Gauthier, na baada ya muda kwenye bati la kwao.

“Chérie,” akasema kijana, “kesho nikipita ku kona yako, unisalimie kidogo. Course ya mwisho.”

“Ku kona miye si Chancelle wako. Miye ni komisere.”

“Hata kidogo?”

Angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amelala chali kitandani, anapendwa, na sauti ile ilikuwa tamu sikioni.

“Tutaona,” akacheka. “Lala muzuri.”

Kesho yake saruji ilikuwa na maji. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa kiwanda cha zamani cha kahawa, akina mama na vitenge vya Jumapili, vijana na miwani ya jua ingawa jua halikuwepo. Mama Bernadette alikaa mbele, amefunga kilemba kikubwa cha zambarau, kila karti ilipopita anashika kifua. Chancelle alivaa jile, kizibao cha rangi ya chungwa, na buti za mpira, bendera imekunjwa mkononi. Karti nyekundu ya Abdoul, fundi wa injini na rafiki mkubwa wa Gauthier, iliongoza. Numero saba ilikuwa nyuma yake, haimwachii.

Kisha, kwenye mzunguko wa mwisho, injini ya Gauthier ilipata kigugumizi, akarudi nyuma kidogo, na Abdoul akaingia Kona ya Tangi peke yake. Magurudumu yakateleza kwenye maji, karti ikapiga matairi, ikapinduka, ikamlalia.

Fulgence alikuwa amekwisha kuruka. Chancelle alipuliza filimbi, akaikunjua bendera ya manjano, akaitikisa kwa mikono miwili, juu, kushoto, kulia, kama alivyofundishwa. Numero saba ikatokea. Alimwona Gauthier anaiona bendera, hilo angeweza kuapa. Alimwona anainua mkono wa kushoto hewani. Halafu akasikia injini inapanda sauti, na karti ikampita kwa mbio zaidi kuliko ilivyokuja.

“Fulgence!” akapiga kelele.

Fulgence alijitupa upande wa magunia. Gurudumu likamvua buti la mguu wa kulia na kulirusha mbali, na karti ikapita kati ya kichwa cha Abdoul na matairi, mahali ambapo hata mbuzi angesita kupita. Baadaye seremala alikaa chini, soksi inatoka matone ya maji, anajipapasa mguu kuhakikisha bado uko. Abdoul alivunjika mkono. Numero saba ikapata ushindi, na Gauthier alijua kilichotokea pale tu aliposhuka na kukuta hakuna anayempigia makofi.

Komite ilikaa chini ya paa la zamani la mizani ya kahawa. Madame Hélène hakupandisha sauti.

“Gauthier, uliona drapo?”

“Niliona, Madame.”

“Rangi gani?”

“Jaune.”

“Jaune ni nini?”

Kijana akamtazama Chancelle, kisha akatazama chini. “Ni hatari.”

“Sasa juu ya nini uliongeza gazi?”

“Niko na kosa, Madame. Sina maneno ingine.”

“Komisere wa Kona ya Tangi, sema weye.”

Chancelle alisema yote. Kwamba alitikisa. Kwamba aliyekuja aliona. Kwamba aliinua mkono na kuongeza mbio. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilimchoma. Gauthier akanyang’anywa ushindi, akafungiwa mpaka mwisho wa msimu unaofuata.

Chancelle alimkuta karibu na tangi, ameshika kofia yake ngumu kama mgeni aliyekosa mahali pa kuiweka.

“Uniambie kitu moja,” akasema. “Uliniona?”

“Nilikuona.”

“Na Fulgence?”

“Fulgence sikumuona. Tangi ilimuficha.”

“Njo maana miye nasimama pale, Gauthier! Miye njo macho yako! Ungeua mutu juu ya kombe ya plastiki!”

“Najua.”

“Unajua nini? Sema basi! Juu ya nini?”

Nyuma yao Madame Hélène alikuwa anakusanya bendera. Gauthier alimwangalia yule mama, kisha akamwangalia Chancelle.

“Hakuna juu ya nini. Ni kosa yangu.”

Kama angejitetea, hata kwa uongo, labda hasira ingepata pa kushika. Jibu lile lilimkata maini.

“Basi samedi usikuye,” akasema, machozi yanamtoka bila ruhusa. “Mama yako abakishe kuku yake. Siwezi olewa na mutu mwenye anaona hatari mu mukono yangu, anapita.”

Jumamosi ilifika. Papa Gérard alikuwa ameazima viti kwa majirani na kuvipanga sebuleni, amevaa koti lake la harusi za watu.

“Bageni bako wapi?” akamuuliza binti yake.

“Papa, mvua imekuwa mingi. Barabara ya Aveba imeharibika.”

“Mama ya kijana si iko hapa Bunia?”

Baba akavua koti, akaanza kurudisha viti mwenyewe, kimoja kimoja, na majirani wakamwona. Hilo lilimuuma msichana kuliko yote.

Gauthier alipiga simu. Ilikatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Siku zikaenda, naye akaacha kupiga, akawa anapitia barabara nyingine ili asione mlango ule. Kitambaa cha manjano kiliingia kwenye droo ya vifungo. Mama Gentille aliendelea kuweka kikombe cha tatu kwa mazoea, halafu anakiondoa, na wote wawili wanajifanya hawakuona. Mchana Chancelle alikuwa anashona sare za shule, jioni anashika simu, anafungua jina la Gauthier, anafunga. Alimchukia na kumtamani kwa wakati mmoja, na hiyo ni kazi ya kuchosha kuliko kushona.

Mvua zilipopungua, Abdoul aliingia, mkono wake bado kwenye plasta, shati begani.

“Chancelle, nifungulie hii mukono ya shati. Plâtre haipite.”

“Ikaa. Unaumwa sana?”

“Inawasha tu.”

Chancelle alifungua droo kutafuta mkasi, kile kitambaa kikachomoza. Alikishika bila kufikiri, akatoka nacho mlangoni kukikung’uta vumbi. Ng’ambo ya barabara pikipiki mbili zikapiga honi na madereva wakacheka: “Chéri, chai!”

“Ingiza ile haraka,” Abdoul akasema kwa utani. “Bamotar yote batasimama, lakini mwenyewe hapitake huku tena.”

“Niko nakung’uta vumbi tu.”

“Njo vile hata dimanche ile ya course.” Abdoul akaacha kucheka. “Alifikiri tu vibaya.”

Chancelle akarudi ndani, kitambaa mkononi. “Nani alifikiri nini?”

Abdoul akamwangalia Mama Gentille, kama mtu aliyekanyaga mahali asipopajua. Mama Gentille akasema, “Umesha anza. Maliza.”

“Chancelle, miye nilikuwa chini ya karti, kichwa chini. Lakini nilimuona usoni wakati alipita. Alikuwa anacheka. Mutu mwenye anapita kwa nguvu hachekake vile. Anakaza meno. Yee alikuwa anacheka na kuinua mukono, vile anainuaka hapa ku mulango yako. Alifikiri uko namusalimia. Si uko na drapo ya jaune, na foulard ya jaune, kitambaa moja?”

Chancelle akaketi juu ya rundo la sare.

“Nilimuuliza ku hospitali,” Abdoul akaendelea. “Akasema njo vile. Alikuwa ameomba umusalimie, ukamwambia tutaona. Akasema nifunge kinywa. Eti Madame akijua komisere anaita bwana yake na rangi ya pisti, atakutosha, atakuondoa ku kona, na weye unapenda ile kona kuliko kitu yote. Sasa miye nimefungua kinywa. Unishonee shati, niende kutubu.”

Tutaona. Neno dogo lile, alilolisema amelala chali. Chancelle alilia kwa sauti, hakuona aibu, na Mama Gentille akamshonea Abdoul shati.

Jioni ile ile, jua bado halijazama, alikwenda kwa Madame Hélène. Alimkuta uani anachagua maharagwe kwenye ungo. Akaeleza kila kitu amesimama, kama mtoto wa shule, kisha akaweka kitambaa cha manjano juu ya meza.

“Donc,” akasema Madame, “uliita bwana kunywa chai na drapo ya hatari.”

“Ndiyo, Madame.”

“Na yee alijua, akanyamaza, akakuacha umuseme mbele ya batu bote.”

“Ndiyo, Madame.”

Madame Hélène alichagua maharagwe kwa muda, kichwa chini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo, na haikuwa rahisi kujua kama ni hasira ama kicheko.

“Ni mujinga,” akasema hatimaye, “lakini si mutu mubaya. Sikia, mwanangu. Suspension inabaki. Hata kama ulikuwa unamusalimia, alipashwa kupunguza. Drapo ni drapo, hata ishikwe na bibi yako. Lakini hataikala nyumbani. Msimu mzima atasimama ku Kona ya Tangi na jile na filimbi, ajue vile inakuwaka kungoja mutu apunguze.”

“Na miye, Madame? Utanitosha?”

“Weye utamufundisha. Nani mwingine ataweza kumuvumilia?” Akakichukua kile kitambaa, akakipima kwa mkono, akakifunga kwenye ufito wa mwanzi uliokuwa umeegemea ukuta. “Na hii imerudi kazini. Kwa kuita bwana, tafuta rangi ingine.”

Siku ya soko Chancelle alirudi kwa yule muuza vitambaa. Alivaa tena sketi ya bluu. Alinunua kipande kimoja, hakukipeleka kushona, akasimama nacho ukingoni mwa barabara, kwa sababu dereva wa pikipiki wa Bunia anaweza kukwepa mlango wa mpenzi wake lakini hawezi kukwepa soko.

Gauthier alipita mara ya kwanza na mteja nyuma, mama mwenye mikungu ya ndizi. Alimwona. Pikipiki iliyumba, mama wa ndizi akamgombeza, wakapotea kwenye rond-point. Chancelle akabaki pale, watu wanampiga vikumbo. Muuza vitambaa akamwambia, “Atarudi, mama. Petroli inamurudisha.”

Akarudi, bila mteja. Chancelle akanyanyua kitambaa cha kijani juu ya kichwa, akakitikisa. Gauthier akapunguza mbio tangu mbali, polepole, mpaka akasimama hatua chache kabla ya kumfikia, mguu mmoja chini, kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa.

“Hii ni rangi gani?” Chancelle akamuuliza.

“Vert.”

“Vert ni nini?”

“Hatari imeisha. Course inaendelea.”

“Abdoul aliniambia.”

“Abdoul hana kinywa. Iko na redio.”

“Gauthier, ungeniambia. Nimekulilia, nimekutukana mu roho yangu, papa akarudisha viti mbele ya majirani.”

“Ningesema mbele ya Madame, angekutosha. Ile kona ni yako. Nilisha kukuharibia mara moja.” Akavua kofia. Alikuwa amekonda. “Na kosa iko yangu tu. Hata kama ungekuwa unanisalimia, nilipashwa kupunguza. Fulgence nilimuomba musamaha, asubuhi namupelekaka ku kazi. Lakini weye sikujua nikuambie nini.”

“Miye njo nilikufundisha vibaya. Nilisema tutaona. Ningesema hapana.” “Nilikukosea sana, chéri. Na nilikukosa sana.”

Gauthier alitaka kumshika mkono, akaona watu wa soko wameacha biashara zao wanasikiliza, muuza vitambaa ametoa shingo kama kuku. Akavaa kofia yake haraka kuficha macho yaliyolowa. Kisha akasema lile alilolisema siku ya kwanza:

“Mama, tunaenda wapi?”

“Rwambuzi. Kwa papa.”

“Leo? Na hii tope yote ku nguo? Bila bajomba yangu?”

“Leo unakuya kuomba musamaha ya viti. Bajomba na kuku, samedi yenye kuya.”

“Kuku hakuna tena.”

“Ilifanya nini?”

“Mama aliipika siku ile ile, juu ya hasira. Akakula peke yake.”

Chancelle alicheka mpaka akaegemea usukani wa pikipiki. Kisha akapanda, akajifunga kitambaa cha kijani kichwani, akamshika kiunoni.

“Chancelle,” Gauthier akasema bila kugeuka, “nikisha kuomba musamaha, nikikuomba weye, utajibu nini?”

“Tutaona.”

“Ah hapana! Ile neno hapana!”

“Nitasema ndiyo,” akamwambia sikioni. “Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sasa endesha, batu bako natuangalia.”

Wakaondoka. Barabara ya kwenda Rwambuzi ilikuwa tupu mbele yao, hakuna gari, hakuna shimo, hakuna hata mbuzi. Ghafla pikipiki ikapunguza mbio, ikaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

“Kuna nini?” Chancelle akauliza, akichungulia begani kwake.

Gauthier akaonyesha kwa kidevu. Uani kwa watu, kwenye kamba, mtu alikuwa ameanika shuka la manjano, na upepo ulikuwa unalitikisa.

“Jaune,” akasema. “Napunguza.”

Chancelle akaweka shavu lake mgongoni kwa Gauthier, wakapita mbele ya shuka lile polepole mpaka likabaki nyuma yao.